Asilimia Bila Msomaji: Uhakiki wa Miradi ya Kompyuta Inayotumia Kiswahili

Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa pili, rafiki yangu anayesomea sayansi ya kompyuta aliniomba nimsaidie katika mradi wake wa kuhitimu. Alikuwa akitengeneza programu ya kusoma maoni ya wateja wa kampuni za simu yaliyoandikwa kwa Kiswahili, kisha kuyagawa katika mafungu mawili: maoni ya kuridhika na maoni ya kulalamika. Kazi yangu ilikuwa kusoma sentensi mojamoja na kuweka kando yake alama ya kujumlisha au ya kutoa. Niliifanya kwa siku tatu. Siku ya kuutetea mradi nilikaa nyuma nikasikiliza. Programu ilikuwa na asilimia nzuri ya usahihi, watahini wakaridhika, rafiki yangu akafaulu.

Jioni hiyo tulikaa tukaichezea programu yenyewe. Nikaandika: "Hatujaridhika na huduma zenu." Programu ikajibu kwamba mteja huyo ameridhika. Nikaandika: "Mtandao wenu si mzuri." Ikajibu vilevile. Tulipochunguza ndani yake tukaona sababu. Kabla ya kusoma sentensi, programu iliisafisha kwa hatua mbili ambazo wanafunzi wa kompyuta hufundishwa. Kwanza iliondoa maneno madogo yanayodhaniwa kuwa hayana uzito, na "si" lilikuwa katika orodha hiyo pamoja na "na", "ya" na "kwa". Pili ilikata viambishi ili libaki shina. "Hatujaridhika" likabaki "ridhika", na malalamiko yakageuka sifa.

Desturi hiyo ya kukata ilitokana na lugha ambazo ukanushi wake ni neno la pekee. Katika Kiingereza ukikata mwisho wa kitenzi, ukanushi unabaki mahali pake. Katika Kiswahili ukanushi unakaa ndani ya kitenzi, mwanzoni kabisa, na anayekata viambishi anaukata pamoja navyo. Jambo hili mwanafunzi yeyote wa Kiswahili analijua tangu sekondari. Hata hivyo, katika chumba kile cha mtihani hapakuwa na mtu wa Kiswahili mwenye ruhusa ya kuuliza swali. Mimi niliyekuwapo nilikuwa nimealikwa kama shabiki tu.

Makala haya yanadai kwamba miradi ya kompyuta inayotumia Kiswahili, ya wanafunzi na ya watafiti wakubwa, inapaswa kuhakikiwa kama matini nyingine za Kiswahili zinavyohakikiwa: ni Kiswahili cha nani, kimetoka wapi, na nani aliyekisoma kabla ya kukitolea alama. Asilimia peke yake haijibu maswali hayo. Nitapitia kazi tatu zinazojulikana, nikionyesha ubora na upungufu wa kila moja, kisha nitarudi kwenye miradi yetu ya kuhitimu na kwenye Kiswahili cha nchi zetu za jirani.

Kazi ya kwanza: sarufi kabla ya hesabu

Kazi ya kwanza ni SALAMA, mfumo ulioasisiwa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Hurskainen alianza kuunda programu ya kuchanganua mofolojia ya Kiswahili katika miaka ya 1980, na mwaka 1992 alichapisha maelezo ya namna inavyofanya kazi. Alitumia mbinu ya ngazi mbili iliyobuniwa na mwenzake Kimmo Koskenniemi mwaka 1983. Kifini, kama Kiswahili, ni lugha inayobandika vipande vingi vya maana katika neno moja. Kwa hiyo mbinu iliyozoea lugha ya namna hiyo haikukishangaa kitenzi chetu.

Mfano mdogo unatosha. Chukua neno "hawatatupikia". Mchanganuzi wa aina hii hulifungua neno kipande kwa kipande: ha- ya ukanushi, -wa- ya nafsi, -ta- ya wakati ujao, -tu- ya mtendewa, mzizi -pik-, -i- ya kauli ya kutendea, na kiishio -a. Hakuna kinachotupwa. Na neno likiwa na maana zaidi ya moja, kama "paa" ambalo laweza kuwa sehemu ya juu ya nyumba, mnyama wa porini au kitendo cha kwenda juu, mfumo hutoa maana zote kwanza, kisha sheria za muktadha huchagua. Programu ya rafiki yangu ingekuwa na hatua kama hii, "hatujaridhika" lingebaki na ukanushi wake.

Kutokana na kazi hii lilipatikana pia kongoo la Kiswahili la Helsinki, yaani hazina ya matini zilizopangwa na kuwekewa maelezo ya kisarufi ili zisomwe na kompyuta. Toleo la kwanza lilikuwa na maneno yapatayo milioni 12.5, na toleo la pili lina yapatayo milioni 25. Wanaisimu wengi wanaotafuta mifano halisi ya matumizi wameitegemea.

Upungufu wake uko palepale penye ubora wake. Mfumo unaotegemea sarufi unajua kile tu ambacho mwenye sarufi amekiandika. Neno jipya la mtaani, au umbo la lahaja ambalo halikuingizwa, huwa ni kosa mbele yake. Matini za kongoo nazo ni za magazeti, vitabu na mijadala ya Bunge la Tanzania. Hicho ni Kiswahili cha watu waliokaa mezani wakafikiri kabla ya kuandika, au waliosimama mbele ya Spika. Si Kiswahili cha mteja aliyekasirika akiwa na simu mkononi. Tena kazi hii ilichukua miongo ya maisha ya mtaalamu mmoja na wasaidizi wachache, jambo ambalo mwanafunzi mwenye miezi minane ya mradi hawezi kuliiga. Lakini anaweza kuiga tabia yake, ambayo ni kuiuliza lugha kwanza imejengwaje, ndipo achague mbinu.

Kazi ya pili: wengi wakiwa na lugha zao

Kazi ya pili ni ya kundi la Masakhane, jina la Kizulu lenye maana ya "tujenge pamoja". Kundi hili lilipata nguvu kuanzia mwaka 2019, mwaka ambao mkutano wa Deep Learning Indaba ulifanyika Nairobi. Wanafunzi, watafiti na watu wa kawaida kutoka nchi nyingi za Afrika walikubaliana kwamba tafsiri ya mashine kwa lugha zetu isingojewe kutoka nje. Makala yao ya mwaka 2020 inaeleza namna mtu asiye na shahada ya kompyuta, mradi anaijua lugha yake, alivyoweza kuwa mtafiti kamili na kuandikwa jina lake kwenye kazi. Kwa mtazamo wangu huu ndio mchango wao mkubwa kuliko programu zenyewe. Tofauti na mimi niliyekaa nyuma ya chumba, mjuzi wa lugha alipewa kiti.

Hata hivyo, tuitazame chakula walichoilisha mashine. Majaribio mengi ya mwanzo yalitegemea JW300, mkusanyo uliotolewa mwaka 2019 wenye machapisho ya Mashahidi wa Yehova katika lugha zaidi ya 300. Sababu inaeleweka: hapakuwa na tafsiri nyingine nyingi kiasi hicho kwa lugha zetu. Lakini mashine iliyosoma machapisho ya dini peke yake itajua maneno ya toba na wokovu kabla ya kujua maneno ya bei ya mahindi. Baadaye mkusanyo huo uliondolewa kwa sababu ya hakimiliki, na wanafunzi waliokuwa wameujengea miradi yao wakabaki na msingi ambao mwingine hawezi kuukagua.

Kipimo nacho kina neno lake. Tafsiri za mashine hupimwa mara nyingi kwa BLEU, kipimo kilichotangazwa mwaka 2002, ambacho huhesabu maneno na mafungu ya maneno ya mashine yanayofanana na ya mtafsiri binadamu. Tuseme mtafsiri ameandika: "Mgonjwa hajapewa dawa leo asubuhi." Mashine ya kwanza inaandika: "Mgonjwa hajapatiwa dawa leo asubuhi." Mashine ya pili inaandika: "Mgonjwa amepewa dawa leo asubuhi." Zote mbili zimekosea neno moja, mahali palepale. Kipimo kitazipa alama sawasawa. Lakini ya kwanza imetumia kisawe, na ya pili inaweza kumnyima mgonjwa dawa. Ni haki kusema kwamba Masakhane walilitambua tatizo la kutegemea hesabu pekee, na katika baadhi ya lugha washiriki wenyewe walisoma tafsiri za mashine na kuzisahihisha. Tatizo ni kwamba wanafunzi wanaowaiga huiga jedwali la alama na kuuacha usomaji huo.

Mwaka 2021 kundi hilohilo lilitoa MasakhaNER, mkusanyo wa lugha 10 za Afrika, zikiwamo Kiswahili, Kiganda, Kinyarwanda na Kijaluo, wa kuifundisha kompyuta kutambua majina ya watu, mahali, mashirika na tarehe. Sentensi za Kiswahili zilitoka katika habari za Sauti ya Amerika. Hapa mwanafunzi wa lugha ataona uzuri na mtego. Uzuri ni kwamba sentensi ziliwekewa alama na wazungumzaji wa lugha. Mtego ni kwamba lugha ya habari ina mazoea yake. Mwandishi wa habari akisema "Kampala yataka mazungumzo", je, Kampala hapo ni mahali au ni serikali? "Makerere" ni mtaa, ni kilima, au ni chuo kikuu? Kila alama inayowekwa ni uamuzi wa kisemantiki, na anayeweka ni mhakiki hata kama hajijui. Mradi ukishachapisha alama za mwisho, ubishi wote uliokuwapo kati ya waweka alama hupotea machoni pa mtumiaji. Mimi ningependa kuuona ubishi huo, maana ndani yake mna somo zima la isimu.

Kazi ya tatu: maswali na majibu

Kazi ya tatu imetoka Kenya. Ni KenSwQuAD, mkusanyo wa maswali na majibu ya Kiswahili uliotokana na kongoo la lugha za Kenya liitwalo Kencorpus. Kongoo hilo lina Kiswahili, Kijaluo na lahaja tatu za Kiluhya, na watafiti walikwenda kuchukua matini na sauti katika jamii, shule, vyombo vya habari na kwa wachapishaji. Kutokana na matini 1,445 za Kiswahili, waliunda jozi 7,526 za swali na jibu, kisha wakarudia kukagua asilimia 12.5 ya matini hizo.

Nimeipenda kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, matini zake hazikutafsiriwa kutoka lugha nyingine wala kuchotwa mtandaoni pekee. Pili, kati ya waandishi wake yumo Florence Indede, mtaalamu wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Maseno, akiwa pamoja na wataalamu wa kompyuta. Hapo ndipo watu wa fani mbili walipokutana mezani, na matokeo yanaonekana katika uangalifu wa kukagua. Wengi wetu tungeishia kusema data ni safi.

Kasoro yake ni ya aina yake nzima ya kazi. Swali ambalo jibu lake linaweza kunyofolewa moja kwa moja katika kifungu hupima uwezo wa kutafuta kuliko uwezo wa kuelewa. Walimu wetu wa ufahamu wanalijua hilo, ndiyo maana baada ya "nani" na "wapi" huuliza "unafikiri kwa nini". Kifungu kikisema, "Aliondoka bila kuaga, na sahani yake ya wali haikuguswa," mwanafunzi wa darasa la saba atakuambia kwamba mgeni alikasirika, ingawa neno hilo halimo. Kuipima mashine kwa maswali ya kunyofoa, halafu kutangaza kwamba inaelewa Kiswahili, ni kumpa mtu cheti cha uogeleaji kwa sababu ameweza kutaja jina la mto. Waandaaji hawakudai hivyo. Tunaodai hivyo ni sisi tunaonukuu namba zao.

Kiswahili cha jirani

Baada ya kazi hizo tatu, mwanafunzi anayeishi nje ya pwani hana budi kuuliza: sisi tumo? Uganda ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, na mwaka mmoja kabla yake Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeamua kukifanya lugha rasmi. Watoto wetu watakutana na kamusi, visahihishi na programu za mazoezi zilizofundishwa kwa data za watu wengine.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Kongo. Katika orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, Kiswahili cha pwani kina msimbo swh na Kiswahili cha Kongo kina swc. Mamilioni ya watu wa mashariki mwa nchi hiyo husema "batoto banacheza" pale ambapo kitabu kinasema "watoto wanacheza". Mfumo unaotafuta wa- hautakiona kiambishi hicho. Yapo matumaini: mradi wa Gamayun wa Translators without Borders uliandaa mikusanyo ya Kiswahili cha pwani na ya Kiswahili cha Kongo, kila kimoja kwa nafasi yake. Walifanya hivyo kwa sababu walishughulikia watu wanaohitaji habari wakati wa maafa, na mtu aliye katika hatari hawezi kungojea afundishwe sarufi sanifu.

Sisemi kwamba usanifu utupwe. Mimi mwenyewe naandika kwa Kiswahili sanifu, nacho ndicho kinachoniwezesha kusomwa Bujumbura na Mombasa. Nasema mradi utamke ni Kiswahili kipi ulichokitumia. Mwanafunzi anayeandika "mfumo wa kutambua sauti za Kiswahili" ilhali waliorekodiwa wote ni wanafunzi wenzake wa bweni moja hajadanganya kwa namba. Amedanganya kwa kichwa cha mradi.

Lawama yetu wenyewe

Ingekuwa rahisi kumalizia kwa kuwalaumu wenzetu wa kompyuta. Haitakuwa haki. Rafiki yangu aliponipa sentensi zile, hakunipa mwongozo, lakini nami sikuuomba. Niliweka alama haraka haraka nikiwaza malipo ya chakula cha mchana aliyoniahidi. Ilikuwapo sentensi isemayo, "Hongereni sana kwa kutumalizia vifurushi." Niliipa alama ya kujumlisha kwa kuona neno "hongereni". Ilikuwa kejeli tupu. Mwanafunzi anayechambua kinaya katika tamthilia kila wiki alishindwa kukiona kinaya cha mteja wa simu. Kwa hiyo programu ile haikukosea peke yake. Sehemu ya kosa lake niliiandika kwa mkono wangu.

Idara zetu nazo zimejenga ukuta. Tunaandika tasnifu za mofolojia zenye mamia ya mifano iliyochambuliwa kiambishi kwa kiambishi, halafu zinafungiwa katika rafu. Ng'ambo ya ua, mwanafunzi wa kompyuta anahangaika kwa kuwa programu yake inalikata "ng'ombe" kuwa "ng" na "ombe", ikidhani kwamba kile kiritifaa ni alama ya kufunga maneno ya msemaji. Mmoja ana dawa, mwingine ana ugonjwa, na wote wanakula katika bwalo moja.

Hitimisho

Napendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji ufadhili. Kwanza, kila mradi wa kompyuta unaotumia Kiswahili utahiniwe na mtu mmoja wa idara ya Kiswahili, naye awe na alama za kutoa. Pili, ripoti iwe na ukurasa unaoeleza matini zilikotoka, ni za lahaja na mtindo gani, nani aliyeweka alama, na walipobishana waliamuaje. Tatu, pamoja na asilimia, mwanafunzi aonyeshe sentensi ishirini ambazo programu yake imekosea na aeleze kwa nini. Ukurasa huo wa makosa utamfundisha msomaji kuliko jedwali zima.

Wiki iliyofuata baada ya ule mtihani, mimi na rafiki yangu tuliirekebisha programu. Tuliliondoa "si" katika orodha ya maneno ya kutupwa, tukaacha viambishi vya ukanushi visikatwe, na nikazipitia upya alama zangu. "Hatujaridhika" likasomwa ipasavyo. Kisha tukaipima kwa mtihani uleule wa mwanzo. Asilimia haikubadilika sana, kwa sababu sentensi za ukanushi zilikuwa chache mno katika mtihani wenyewe. Programu iliyowageuza wateja maneno yao na programu iliyowasikiliza zilikuwa na alama zinazokaribiana. Laiti tungeishia kwenye namba, tusingejua ni ipi ya kumpa mtu aitumie.